Kufunza Misuli ya Pumzi kwa Wenye Vena Mbovu za Miguu: Mwongozo wa Anayeanza

"Daktari, mie mguu ndio waniuma. Sasa haya ya kupumua ya nini?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Kwanza hujibu kwamba mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia. Halafu huja yale mengine, kwa mpangilio ule ule: kifaa ninunue kipi, nivute mara ngapi, mbona kichwa chazunguka, siwezi kupuliza baluni badala yake, na Ramadhani je? Nimeyaandika yote mahali pamoja ili anayeanza asome nyumbani kwa utulivu, miguu ikiwa juu ya mto.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa Mombasa ukimwambia mtu una mshipa, atakupa pole ya ngiri au busha. Sisemi mshipa huo. Nasema vena, mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni. Ndani yake mna vilango vidogo vinavyoiachia damu ipande na kuizuia isirudi chini. Vilango vikilegea, damu hutuama. Jioni mguu huwa mzito, soksi zimeacha alama, mishipa imejikunja kama kamba chini ya ngozi. Ikikaa miaka, ngozi ya juu ya kifundo huwa nyeusi na ngumu, na kwa wengine hufunguka kidonda upande wa ndani wa mguu ambacho hakitaki kupona. Ninawaona sana wanaosimama kutwa: mabawabu, walimu, vinyozi, mama wa viazi karai ambaye yuko kwenye karai tangu alfajiri. Na huwa wabaya zaidi wakati wa kaskazi, maana joto hulegeza vena.

Mbona pumzi, basi? Moyo huisukuma damu iende chini, lakini kuirudisha juu kunataka wasaidizi. Msaidizi mkubwa ni tafu, yaani shavu la mguu, linaloikamua vena kila unapopiga hatua. Mtu akisimama kimya, presha ndani ya vena za kifundoni hufika kama milimita 90 za zebaki; mwenye vena nzima akitembea, hushuka chini ya 30. Msaidizi wa pili ni pumzi. Ukivuta hewa, kiwambo (msuli mpana uliotandaa kati ya kifua na tumbo) hushuka. Kifua hunyonya damu iliyo tumboni, tumbo hubanwa, na damu ya miguuni husubiri kidogo pale kinenani. Ukiachia, tumbo hulegea na ile iliyokuwa ikisubiri hupanda. Likumbuke hilo la kusubiri kinenani, kwa sababu makosa mengi yanatoka hapo.

Nisikupe tamaa ya bure: hakuna pumzi itakayotengeneza kilango kilicholegea, wala mishipa iliyojikunja haitanyooka. Soksi za kubana, kutembea na kuinua miguu vinabaki kuwa msingi, na kuna wanaohitaji upasuaji au kuchomwa vena kwa leza. Haya ni nyongeza. Faida inayoonekana mapema ni kwamba mtu huenda mbali zaidi kabla ya kuhema, na aliyekuwa akikwepa kutembea huanza kutembea. Tafu likirudi kazini, mguu nao hupata nafuu.

Usianze kabla hujaonwa

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, hilo si la kufanyia mazoezi. Huenda damu imeganda kwenye vena iliyo ndani sana ya mguu. Usiukande wala usiupake mafuta ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukipata maumivu ya kifua, pumzi ikakata ghafla au ukakohoa damu, usingoje kukuche: kimbilia Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote iliyo karibu, kwa tuktuk, kwa teksi, kwa chochote.

Kifaa cha kufunza pumzi kisikaribie mdomo wako, mpaka daktari akubali, ikiwa:

- pafu lako liliwahi kuvuja hewa kifuani;
- ngoma ya sikio imetoboka;
- umepasuliwa kifua, tumbo au jicho hivi karibuni, au una ubavu uliovunjika;
- una bonge la damu lililogunduliwa karibuni na dawa za kuzuia damu isigande ndiyo kwanza umezianza;
- pumu imekubana siku hizi, au una kifua kikuu ambacho hujakitibu;
- moyo wako ni dhaifu na bado haujatulizwa kwa dawa, au umeambiwa ateri kubwa (mshipa unaotoa damu moyoni) imetuna.

Mjamzito naye aulize kliniki kwanza.

Jambo jingine la kwetu Pwani ni matende. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu, na mguu wa matende waweza kufanana na mguu wa vena, hasa mwanzoni. Figo, moyo na ini pia huvimbisha miguu, ila hizo mara nyingi huvimbisha yote miwili kwa pamoja. Kwa hiyo usijipe jina la ugonjwa kwa kuangalia picha kwenye simu. Kipimo cha vena ni altrasaundi inayoonyesha damu inakokwenda. Mwambie daktari akupime na ateri za miguu pia, hasa ukiwa na kisukari au ukiwa mvutaji sigara, kwa sababu soksi za kubana zikivaliwa na mtu ambaye ateri zake zimeziba zinaweza kumdhuru mguu.

Vitu vya kuandaa

- Kifaa cha kufunzia pumzi ya kuvuta, chenye springi na namba za uzito (uzito hapa ni ugumu wa kuvuta hewa, si kilo).
- Kibanio cha pua. Vidole viwili pia vinatosha.
- Kiti kigumu chenye mgongo. Sofa hapana.
- Mito miwili au mkeka uliokunjwa wa kuinulia miguu.
- Tepu ya fundi cherehani.
- Daftari, kalamu na saa yenye sekunde.
- Soksi za kubana, zilizopimwa kwa mguu wako.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, beseni na kitambaa safi.

Kwenye kifaa nitakawia kidogo, maana ndipo pesa zinapopotea.

Wengi huja na kile cha vitufe vitatu vinavyopanda ukivuta hewa. Kinauzwa madukani ya dawa na hupewa watu baada ya upasuaji. Ni kizuri kwa kazi yake, ambayo ni kukufanya uvute pumzi ndefu ili mapafu yasijikunje. Hakina uzito. Ni sawa na mtu kuinua mkono mtupu akitumaini msuli utakua.

Baluni ndiyo mbaya zaidi. Baluni ni kupuliza, nasi tunafunza kuvuta. Halafu anayepuliza baluni hukaza tumbo na kuzuia pumzi, damu ikashindiliwa kurudi miguuni kupitia vilango vile vile vilivyolegea. Daktari wa altrasaundi akitaka kuona damu ikirudi nyuma hukuambia ukaze tumbo hivyo hivyo. Basi usifanye kwa makusudi kila asubuhi kile kinachotumika kuonyesha ubovu wako.

Mrija wa soda? Ukivuta kwa nguvu unakaza, ukivuta polepole hukazi kitu. Uzito unategemea mwendo wako, na mwili ukichoka huchagua mwendo rahisi, kwa hiyo huwezi kujua ulifanya kazi kiasi gani. Kwa siku mbili tatu za kujaribu mtindo, sawa. Kwa wiki nane za mazoezi yenyewe, hapana.

Unachotaka ni kifaa ambacho kilango chake hakifunguki mpaka nguvu yako ifike kiwango ulichoweka. Ukivuta kidogo, hakuna hewa. Ukifikisha, hewa inaingia. Kutoa hakuna uzito wowote. Aina moja inayotumika sana ina namba kuanzia sentimita 9 za maji (kipimo cha nguvu ya mvuto) hadi 41, nyingine zina ngazi 1 hadi 10. Zote zinafaa. Usinunue kilichotumika na mtu mwingine, hata kama ni cha shangazi yako na alikitumia mara mbili tu.

Hatua

1. Pima kabla ya kugusa kifaa.
Asubuhi ukiamka, kabla hujazunguka nyumba, pima mzunguko wa kila mguu mahali pawili: pale pembamba juu ya kifundo, na pale panene pa tafu. Tia alama ndogo ya kalamu ili kesho upime papo hapo. Rudia jioni. Andika. Kisha tembea kwa dakika 6 mahali tambarare, uhesabu umekwenda wapi. Pale Mama Ngina mbele ya bahari panafaa sana asubuhi: tambarare, upepo upo, na mti ukiuweka alama hauhami. Fanya hivyo siku mbili upate wastani. Bila namba hizi, baada ya mwezi utabaki kubishana na nafsi yako kama umepata nafuu au la.

2. Jifunze pumzi ya tumbo, ukiwa umelala. Wiki moja nzima.
Lala chali, miguu juu ya mito miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Mkono mmoja kifuani, mmoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne. Mkono wa kitovu upande, wa kifuani usisogee sana. Achia kwa mdomo ukihesabu hadi sita, midomo umeikunja kama mtu anayepooza chai. Usisukume. Hewa ijitokee yenyewe kama tairi lililofunguliwa ventili.

Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni.

Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka, kwa sababu haina kifaa na haionekani kama kazi. Usiiruke. Anayekwenda kwenye uzito na pumzi ya mabega atafunza mabega, na shingo itamuuma. Ukishindwa kulihisi tumbo, weka kikombe cha plastiki juu ya kitovu ukitazame kikipanda na kushuka. Wajukuu watakucheka, waache wacheke.

3. Ongeza kifundo.
Siku ya nne au ya tano, pumzi ikishatulia, kila unapoachia hewa vuta vidole vya mguu vije kwako kisha visukume mbele, mara mbili. Wakati wa kuvuta hewa, miguu itulie. Sababu umeshaijua: wakati wa kuachia ndipo njia ya kinenani iko wazi. Ukikosea mpangilio hakuna madhara, endelea tu.

4. Kaa, uweke uzito wa kuanzia.
Sasa kiti. Mgongo umenyooka lakini haujakakamaa, nyayo zote mbili sakafuni au juu ya kigoda cha kuwekea miguu. Usikunje nne. Mkanda, sidiria inayobana na buibui lenye mshipi, vilegeze.

Ukiweza, nenda kwa mtu wa fiziotherapia mwenye kipimo cha nguvu ya kuvuta. Uzito wa kuanzia ni asilimia 30 ya mvuto wako wenye nguvu zaidi. Mfano, ukivuta hadi sentimita 60 za maji, anza na 18.

Usipokuwa na kipimo, weka namba ya chini kabisa, uvute mara kumi. Ikiwa ni kama hakuna kitu, panda namba moja. Unatafuta uzito ambao mvuto wa kumi wa kila fungu una kazi, lakini hujikunji uso. Kama sifuri ni kukaa barazani na kumi ni kupanda ngazi za ghorofa ya tano umebeba gunia, wewe uwe kwenye nne au tano.

5. Vuta.
Huu ndio moyo wa mambo, soma polepole.

Toa hewa kwa upole mpaka ipungue. Usijikamue hadi tone la mwisho. Funga midomo vizuri kwenye kifaa, meno yasiking'ate sana. Banika pua. Sasa vuta kwa haraka na kwa nguvu, sekunde moja au mbili, tumbo na mbavu za chini zikipanuka kwenda nje. Utahisi kilango kinafunguka na hewa inaingia kwa sauti. Endelea mpaka ujae. Usiifungie pumzi ndani. Achia mara hiyo hiyo, polepole, sekunde tatu au nne, tumbo laini.

Hiyo ni moja. Fanya 10, pumzika dakika moja bila kifaa mdomoni, fanya 10 nyingine, pumzika, 10 za mwisho. Zote 30. Asubuhi na jioni, siku 5 hadi 7 kwa wiki. Kila awamu haizidi dakika 8 au 10.

Kwenye ile dakika ya kupumzika, usikae bure. Nyanyua visigino vyote viwili ukiwa umekaa, ushushe, mara 20.

6. Baada ya kuvuta, tembea.
Vaa soksi zako utembee dakika 10 hadi 20, hata kama ni kutoka nyumbani hadi msikitini na kurudi. Ukichelewa kutembea, basi simama ushike meza unyanyuke kwa vidole vya miguu mara 10, mafungu mawili. Anayetumia feri ya Likoni asimame foleni akicheza vifundo, si kama nguzo.

7. Panda uzito kwa utaratibu.
Kila mwisho wa wiki jiulize: mivuto 30 niliimaliza siku zote bila kukatiza? Ikiwa ndiyo, panda namba moja, au robo ya mzunguko wa kitasa kwa vile visivyo na namba ndogo. Ikiwa hapana, baki hapo wiki nyingine. Baada ya wiki 8 wengi huwa kati ya asilimia 40 na 60 ya nguvu zao za mwanzo. Mwenye kukimbilia juu wiki ya pili huvuta nusu pumzi, na nusu pumzi haishushi kiwambo.

8. Osha, kausha, weka ndani.
Kila siku, maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kung'uta, acha kikauke juu ya kitambaa kivulini. Unyevu wa hapa huotesha ukungu ndani ya plastiki kabla hujajua, hasa kifaa kikifungiwa kwenye mfuko kikiwa bado na maji. Usikichemshe. Usikiache juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana, kitapinda.

9. Pima tena.
Jumapili asubuhi na jioni, tepu na daftari. Dakika 6 za kutembea, mara moja kila wiki mbili, saa zile zile na mahali pale pale. Usilinganishe mguu wa saa kumi na mbili asubuhi na wa saa kumi na mbili jioni kisha ukapiga simu kwamba mazoezi yameharibu kila kitu. Nimepigiwa.

Makosa ninayoyaona zaidi

Kujikamua ndilo la kwanza na la pili. Mtu hujaza kifua, huifunga pumzi, hukaza tumbo kama aliye chooni, uso unakuwa mwekundu. Hapo damu inasukumwa chini. Kwa sababu hiyo hiyo, tibu kukosa choo: kunywa maji, kula mboga, mapapai yako tele. Unajifunza kupumua dakika 20 halafu unajikamua msalani nusu saa, hesabu hiyo haifungi.

Kunyonya kwa mashavu. Kama mashavu yanaingia ndani, ni mdomo unaofanya kazi, si kiwambo.

Mwendo wa kasi bila kupumzika, mivuto 30 ndani ya dakika moja ili uwahi matatu. Utapata kizunguzungu, utasema kifaa kina shetani.

Kufanya tumbo limejaa. Baada ya biriani la harusi ngoja saa mbili. Chai na mahamri mawili, saa moja inatosha.

Kuacha soksi kwa sababu "sasa nafanya mazoezi ya pumzi". Najua joto la Februari, najua soksi zinawasha. Zivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, zivue ukilala, na ukiona hazivaliki mwambie aliyekupimia akutafutie za kubana kidogo. Za kubana kidogo zilizo mguuni ni bora kuliko kali zilizo kabatini.

Ukikwama

*Kichwa kinazunguka, midomo inaingia ganzi.* Unavuta kwa kasi mno na unatoa hewa nyingi kupita kiasi. Toa kifaa, pumua kawaida dakika mbili, kisha rudi na kuachia kwa sekunde nne kamili. Kizunguzungu kikirudi kila siku hata ukienda polepole, simamisha umwone daktari. Huenda ni presha au damu kidogo.

*Sikio linauma au linaziba.* Una mafua? Pumzika mpaka yaishe. Huna mafua na bado linauma? Acha, likachunguzwe.

*Shingo na mabega yanauma.* Umeruka hatua ya pili, au uzito umezidi. Shusha namba mbili, urudi kwenye kikombe cha kitovu kwa siku tatu.

*Mate yanajaa kwenye kifaa.* Kawaida. Inua kidevu kidogo, meza kati ya mafungu.

*Hewa haingii kabisa.* Uzito umezidi nguvu zako, au kilango kimegandiana kwa sabuni ambayo haikusuuzwa. Shusha hadi chini kabisa. Ikiwa bado, suuza.

*Nina pumu iliyotulia.* Waweza kufanya ukiwa umeruhusiwa, dawa yako ya kuvuta iwe karibu. Kifua kikianza kupiga filimbi, simama.

*Nina kidonda mguuni.* Kidonda kinataka usafi, bandeji ya kubana inayofungwa na anayejua, na mguu kuinuliwa. Pumzi unaweza kuifanya ukiwa umelala miguu juu, huku bandeji ikiwa mahali pake. Usikifunue kidonda ili "kipate hewa" wakati wa mazoezi, na usikitie majivu, dawa ya meno wala kahawa. Kikinuka, kikipanuka, au ukipata homa, zahanati.

*Ramadhani.* Ndani ya kifaa hamna dawa wala maji, ni hewa tu, lakini la kufunga au kufungulia muulize shehe wako, mimi naeleza ratiba. Awamu moja fanya saa moja unusu hadi mbili baada ya kufuturu, nyingine kabla ya kula daku. Ukichoka na kiu, punguza iwe mara moja kwa siku mwezi huo. Uzito usiupandishe mpaka baada ya Idi. Na kwenye tarawehe ndefu, katikati ya rakaa ukikaa, cheza vifundo.

*Nimekosa wiki nzima, nilikuwa na homa.* Shuka namba moja, anza tena. Wiki mbili au zaidi, shuka mbili.

*Wiki 8 zimekwisha, nafanyaje?* Ukiona umetembea mbali zaidi na jioni mguu hauwi mzito sana, baki na uzito huo huo siku 3 kwa wiki. Ukiacha kabisa, nguvu ya msuli hupungua kama ya msuli mwingine wowote.

*Wiki 8 zimekwisha na tepu haijasogea.* Angalia daftari kwanza. Wengi hugundua wamefanya siku tatu kwa wiki na uzito wa wiki ya kwanza. Ikiwa ulifanya sawasawa, angalia soksi: zikifikisha miezi sita zikivaliwa kila siku huwa zimelegea. Zikiwa mpya pia, rudi kwenye altrasaundi, maana kuna vena ambazo hazitatulia mpaka zifungwe na daktari, na pumzi zako zitafaa vilevile baada ya hapo.

*Mjukuu amekifanya kifaa firimbi, kimeanguka.* Kioshe. Kisha geuza kitasa kutoka chini hadi juu ukivuta kila mara: uzito lazima uongezeke kidogo kidogo. Kitasa kikizunguka bila uzito kubadilika, springi imetoka, na hapo hakuna la kukisaidia ila kununua kingine.